Kunguru wa mnunuzi wa korosho: kumtambua kiumbe wa ulimwengu mwingine mezani

Swali limetoka kwa msomaji wa Mtwara:

"Shikamoo kaka. Mimi ndiye mwongoza mchezo wa kikundi chetu, tunacheza Dungeons & Dragons mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la tano, vitabu vya 2014, kila Jumapili jioni. Wachezaji wanne, wahusika wao daraja la 3. Nimetunga mji wa bandari unaofanana na Mikindani. Kuna mnunuzi anazunguka vijijini kununua korosho kwa kangomba, yaani nje ya utaratibu rasmi, kabla msimu haujafunguliwa, na kila mkulima anatia saini karatasi. Mnunuzi huyu ana kunguru asiyebanduka begani. Kunguru kwa kweli ni impu, ibilisi mdogo wa kuzimu, aliyejigeuza. Juzi mmoja akataka arushe dadu kwa ujuzi wa Arkana, mwenzake akasema hapana, hiyo ni Dini. Wakati wanabishana, wa tatu, ambaye amekariri kitabu cha viumbe, akapiga kelele, 'Impu huyo!' Dadu haijaguswa hata. Nikafunga kikao. Nani ana haki, na mchezo nauokoaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kikao ungekiacha kiendelee, maana kelele ile haikuharibu kitu. Unachokiona kama swali moja, "huyu ni nani?", ndani yake mna matatu: ametoka ulimwengu gani, anaitwaje, na anaumizwa na nini. La kwanza litoe bure au kwa bei ndogo. La pili halina uzito ambao wachezaji wanaudhania. La tatu ndilo la kuuza, na wanunue kwa kufanya jambo ndani ya hadithi. Dadu peke yake isitoshe.

Nianze na ugomvi wa Arkana na Dini. Kwa vitabu mlivyo navyo, aliyetaka Arkana ana haki: Arkana ya 2014 inabeba elimu ya malimwengu mengine na wakazi wake, na Dini inabeba miungu, ibada, ngazi za makuhani, alama takatifu na madhehebu ya siri. Lakini huyo wa Dini naye hajakosea kabisa. Toleo la 2024 limegawa upya: viumbe wa mbinguni, waovu wa kuzimu na wafu wanaotembea wamehamia Dini, na Arkana imebakiwa na viumbe wa elementi (hewa, moto, maji na ardhi), vibwengo na wale wa ajabu wasioelezeka. Maumbile yamechukua wanyama, mimea na majoka. Yule mjusi wetu wa Tendaguru aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimama Berlin, ukimleta mezani ni mnyama tu, kwa sababu mchezo huu unawahesabu dinosaria wote kuwa wanyama. Arkana haimhusu, ukubwa wake wote ule.

Mimi mezani kwangu hukubali zote mbili, ila kila moja nailipa kwa sarafu yake. Mwenye Arkana nitamwambia habari za mwili na uchawi: kiumbe huyu hutoka wapi, hujigeuza vipi, uchawi unamshika au unamteleza. Mwenye Dini nitamwambia habari za utii: anamtumikia nani, anaheshimu nini, ahadi yake ina thamani gani. Wakirusha wote wawili wakafaulu, kila mmoja anakuwa na kipande, na itabidi wazungumze. Kuzungumza huko ndiko unakokutaka.

Kuhusu ugumu, yaani namba ambayo dadu lazima iifikie, kitabu cha 2014 hakikupi kanuni ya kumtambua kiumbe, na wengi wanaojua matoleo ya zamani hurudi kwenye kanuni ya toleo la 3.5 la mwaka 2003: 10 jumlisha idadi ya dadu za uhai za kiumbe (zile zinazopima uhai wake), na kila ukiupita ugumu huo kwa 5 unapata taarifa nyingine ya maana. Aliyekuwa hana mafunzo ya ujuzi ule hakuweza kujibu chochote kinachozidi ugumu wa 10. Ni kanuni safi kwa mahesabu, ila ina kasoro moja kubwa. Impu ana dadu 3 za uhai, kwa hiyo ugumu wake ni 13. Balori, lile pandikizi la shetani lenye mabawa ya moto, ana dadu 20, ugumu unakuwa 30. Maana yake jitu ambalo kila bibi katika ulimwengu ule amewatishia nalo wajukuu ndilo gumu kuliko yote kulitambua, na kidudu kinachojificha kwenye paa la jikoni ni rahisi. Mambo yamekaa kinyume.

Kwa hiyo pima umaarufu, nguvu iache pembeni. Kumjua kwamba ni wa kuzimu, mpe 10. Kujua tabia na kinga zake, 15. Kujua lile ambalo hata wanazuoni hubishania, 20. Kama ni kiumbe wa kutajwa kwenye nyimbo za watoto, punguza. Hizo namba ni zangu, zibadilishe utakavyo.

Kabla ya dadu, hata hivyo, kuna macho, na hapa ndipo naona umewanyima wachezaji wako. Umewaambia kuna kunguru begani. Kunguru pwani ni nani amtazame mara mbili? Wape kitu ambacho mtu aliyekulia Mtwara hatakipita. Impu hadhuriki na moto kabisa. Sasa weka mama mmoja uani anakaanga korosho kwa njia ya zamani, karai limeshika, mafuta ya maganda yanawaka, moshi unachoma macho mpaka watoto wamekimbilia barazani. Kunguru anashuka, anatua ukingoni mwa karai, anaingiza mdomo ndani ya ndimi za moto, anadonoa korosho moja, anaimeza, anarudi begani kwa bwana wake. Hakuna unyoya uliokunjamana. Usiseme neno jingine. Hapo hakuna anayehitaji dadu kujua kwamba yule si ndege, na bado hawajui ni nini.

Halafu ndiyo warushe. Na wakikosa, usiwaambie "hamjui kitu", wala usiwadanganye. Mwongoza mchezo anayedanganya kwa sababu dadu ilitoka ndogo hujenga meza ambayo hakuna anayeamini anachoambiwa, na baadaye hata ukweli wako hautapokelewa. Mimi anayekosa kwa kidogo humpa majibu mawili badala ya moja: "Umesikia habari za viumbe wawili wadogo wa kuzimu wanaojigeuza na kutoweka machoni. Mmoja ni impu, wa ukoo wa maibilisi wa Jehanamu Tisa. Mwingine ni kwasiti, wa ukoo wa mashetani wa Shimo la Abisi. Hukumbuki yupi ni yupi."

Hilo ni jibu la kweli, na limezaa kazi. Watawatofautishaje? Mwenye kitabu kichwani atasema mara moja kwamba impu hujigeuza panya, kunguru au buibui, na kwasiti hujigeuza popo, tandu au chura. Sawa, mpe haki yake. Lakini mhusika asiyelijua hilo anazo njia nyingine. Kuna fedha: silaha ya kawaida inampata impu nusu ya maumivu, ila ikipakwa fedha inamuuma sawasawa, wakati kwasiti fedha haimshughulishi hata kidogo. Kupaka fedha silaha moja au mishale kumi ni vipande 100 vya dhahabu, na kwa daraja la 3 hiyo ni pesa ya kuumiza kichwa, kwa hiyo jaribio lenyewe lina gharama. Kuna lugha: impu huongea Infernali, kwasiti Abisali. Hapa kuna mtego mzuri ambao wengi hawauoni. Lugha hizo mbili katika toleo la tano huandikwa kwa hati moja ile ile ya Kiinfernali. Wakiiba ile karatasi ya mkulima na kukuta maandishi madogo pembeni, anayezitambua herufi tu hawezi kuapa ni lugha ipi. Itabidi wamtafute anayejua kusoma, na mtu kama huyo mjini kwako lazima awe na siri zake.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni tabia. Maibilisi wa mchezo huu ni watu wa sheria: waovu, ila wa utaratibu, wenye ngazi na mikataba. Mashetani ni fujo tupu. Karatasi yenyewe ni ushahidi mkubwa kuliko kunguru. Shetani gani wa Abisi anakaa chini kuandika vipengele, kuhesabu magunia na kusubiri msimu? Mchezaji wako akifika hapo kwa akili yake, bila kurusha chochote, mkubalie papo hapo.

Nije kwa huyo aliyekariri kitabu. Usimkataze kujua, haiwezekani, na inamfanya akae mezani kama mtuhumiwa. Alichopiga kelele ni dhana, na dhana mtu yeyote anaweza kuwa nayo. Kwani mtaani kwetu watu hawasemi "yule bibi mchawi" bila ushahidi wowote? Muulize mbele ya wenzake: mhusika wako amelijulia wapi hilo? Akikujibu kwamba mhusika alilelewa hekaluni, au alikuwa baharia akasikia bandarini, limeingia kwenye hadithi na umpe arushe dadu mara mbili achukue kubwa. Akikosa la kusema, dhana ibaki dhana, waende wakaipime.

Na usimbadilishie kiumbe ili kumkomesha. Najua kishawishi hicho. Ukimgeuza impu kuwa kitu kingine kwa sababu tu mchezaji amebahatisha, umewaambia wote wanne kwamba kufikiri hakulipi. Tena, kitabu kinampa nini hasa? Uhai wa nukta 10, kinga ya 13, mwiba wa sumu mkiani, kutoweka machoni apendapo. Hakimwambii nani amemtuma, ni wakulima wangapi wameshatia saini, wala kipengele cha mwisho kinasemaje. Hayo yapo kwenye daftari lako peke yako.

Ukitaka kumtoa jasho mwenye kitabu, subiri baadaye umletee rakshasa. Naye ni mwovu wa kuzimu, kichwa cha chui milia, mavazi ya kifahari, na viganja vilivyogeuka: pale penye kiganja chetu yeye pana mgongo wa mkono. Kwa kanuni za 2014, uchawi wa daraja la 6 kushuka chini haumdhuru wala haumgundui asipotaka, kwa hiyo kuhani atapekua chumba na kuambiwa hakuna kitu. Hujifunika sura ya binadamu kwa uchawi ambao ni kiini macho tu; ukigusa, mkono unakuta kilichopo, si unachokiona. Sasa fikiria mji wa Kiswahili ambako watu hawaachani bila kupeana mikono. Tajiri mgeni anayeweka mkono kifuani kila anaposalimiwa, anainamisha kichwa kwa adabu zote, na hajawahi kumpa mtu mkono tangu afike. Wataona ni ucha Mungu. Ila kiwango chake cha changamoto, yaani kipimo cha ukali wa kiumbe vitani, ni 13, kwa hiyo kwa wahusika wa daraja la 3 awe wa kuongea naye tu. Wakichomoa panga, kikundi kimekwisha.

Uchawi wa kugundua. Kuhani au paladini (shujaa mtakatifu) wako bila shaka atautumia ule wa daraja la kwanza wa kugundua wema na uovu, na jina lake linawapotosha watu. Haugundui tabia ya mtu. Unagundua aina sita za viumbe ndani ya futi 30, yaani mita 9 hivi: viumbe wa mbinguni, wa kuzimu, wa elementi, vibwengo, wale wa ajabu wasioelezeka, na wafu wanaotembea. Mnunuzi wako, kama ni binadamu, hataonekana hata awe amewanyonya wakulima wa kijiji kizima. Kunguru ataonekana, na mahali alipo pia. Kitabu hakisemi wazi kama unaambiwa ni aina ipi kati ya hizo sita. Mimi huwaambia, kwa sababu mtu ametoa nafasi ya uchawi na anastahili kupata kitu. Hisia ya paladini ni kitu kingine: inafika futi 60, inataja aina waziwazi ila haitaji jina, na kwa kuwa si uchawi wa kusomwa, hata rakshasa haimponyoki.

Kwa mji uliojengwa kama Mikindani kuna jambo la kufurahisha. Uchawi ule wa kuhani huzuiwa na jiwe la unene wa futi 1, bati la risasi hata liwe jembamba, chuma cha inchi 1, mbao au udongo wa futi 3. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe zina kuta nene kuliko futi moja. Kuhani akisimama barabarani mbele ya ghala la mawe, hapati kitu. Lazima aingie. Na kuingia kwenye ghala la mnunuzi wa kangomba kunahitaji sababu, au usiku. Ghala la mabati na mabanzi halimfichi kunguru, la mawe linamficha, kwa hiyo amua leo ghala lako ni la aina gani, kwa sababu watakuuliza unene wa ukuta. Wakifika daraja la 7 watapata uchawi wa kufukuza, ambao nao ni kipimo: mwenyeji wa ulimwengu huu hurudi uchawi ukiisha, mgeni akishikiliwa dakika 1 kamili harudi. Lakini huko bado ni mbali kwenu.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua, ambayo nimeifupisha, kama uwaingize majini, kwa sababu mchezaji mmoja amesema "hata kama ni impu, sisi tunaita jini". Toleo la tano lina majini wa aina nne, djini wa hewa, efriti wa moto, maridi wa maji na dao wa ardhi, na wote wamewekwa kwenye kundi la elementi, si la kuzimu. Hawana uhusiano na huyo kunguru. Lakini wachezaji wa pwani wanakuja mezani na elimu ya nyumbani: harufu ya udi isiyo na mwenyewe, mbuyu usiopitwa jioni. Wengine wamekulia kati ya vinyago vya mashetani vya Wamakonde, ambavyo kila kimoja kina jicho mahali pake na mguu mahali pake, na kwa hiyo hawashangai kiumbe akiwa na umbo lolote. Mchezaji akisema "mimi nimesikia hukaa mbuyuni", usimwambie kitabu hakisemi hivyo. Iwe ni maneno ya watu katika mji wako, na wewe uamue nusu ipi ni kweli. Lakini kabla ya yote hayo waulize wanne wako kama kuna ambaye imani yake inamfanya asistarehe na majina haya. Kuna watu kwao jini si mchezo, na mtu huyo hana haja ya kujieleza mbele ya wenzake. Majini ya elementi yanaweza kuwa "watu wa moto" na "watu wa maji", na kanuni zisibadilike hata moja.

Kama vitabu ni ghali kwenu, tangu Januari 2023 hati ya kanuni za msingi za toleo la tano, ile iitwayo SRD 5.1, imetolewa kwa leseni ya Creative Commons, bure na kihalali. Impu, kwasiti, rakshasa, djini na efriti wote wamo humo, na uchawi nilioutaja umo. Mtu mmoja aipakue kwenye simu, awarushie wengine.

Limebaki la kunguru akifa, kwa maana kwa daraja la 3 wanaweza kumwua katika mzunguko mmoja wa mapigano. Akifa anarudi umbo lake la kweli, na ibilisi anayefia nje ya Jehanamu Tisa hafi moja kwa moja: mwili unayeyuka au unapotea katika moshi wa kiberiti, mwenyewe anarudi kwao. Kwa hiyo hakutakuwa na mzoga wa kumwonyesha mtendaji wa kijiji. Mnunuzi atalia hadharani kwamba vijana wageni wamemwulia ndege wake, na atakuwa na mashahidi, maana walioona karai la moto ni mama mmoja na watoto waliokuwa wanafikicha macho. Na karatasi bado ziko ghalani zikiwa na saini. Kama mikataba inavunjika wakala anapofukuzwa, au inarithiwa na mkubwa wake huko kuzimu, hilo la kwako kuamua, na uliamue kabla ya Jumapili, kwa sababu yule wa Dini ndilo atakalouliza kwanza.